Vijiji vya Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ardhi, bomoabomoa na uboreshaji wa makazi

Ukurasa huu ni wa wenye nyumba, wapangaji na kamati za vijiji vya mjini Mombasa, kuanzia Moroto na Kaa Chonjo kule Tudor hadi Bangladesh, Ziwa la Ng'ombe, Maweni na Likoni. Kesi ikishafika mahakamani, mambo ya sheria yaliyomo humu hayatoshi bila wakili.

Nitajuaje kama nyumba yangu iko hatarini kubomolewa?

Uliza ardhi kwanza, nyumba baadaye. Watu hudhani nyumba ya mawe ni salama kuliko ya udongo na fito. Tingatinga haliangalii hilo. Kinachoamua ni nani mwenye ardhi na imetengewa kazi gani.

Ardhi ya serikali ambayo haijatengewa kazi maalumu ndiyo yenye matumaini zaidi, maana hapo mradi wa kuboresha unaweza kuingia na hati zikatolewa. Ardhi ya mtu binafsi au kampuni yategemea mwenyewe: auze, adai kodi, au aende kortini. Hatari zaidi ni ardhi ya akiba, iliyotengewa kazi ya umma: ukanda wa barabara, reli, chini ya nyaya kubwa za umeme, juu ya bomba la maji, na ufuoni. Kanuni za upimaji ardhi hutaka ardhi ya serikali inayopakana na bahari ikipimwa, ukanda usiopungua mita 60 kutoka alama ya maji makuu ubaki wa serikali. Vijiji vilivyoshuka hadi kwenye mikoko vina nyumba nyingi ndani ya ukanda huo. Mtu akikuahidi hati miliki chini ya nyaya za umeme, anakuuzia karatasi. Aliyejenga kwenye akiba anaweza kupigania notisi, muda na mahali pa kuhamia, lakini hati hataipata.

Kujua ni ardhi ya nani, unafanya upekuzi rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi. Utahitaji kitambulisho, PIN ya KRA na namba ya kiwanja. Hapo kwenye namba ndipo wengi hukwama. Namba za huku zimeandikwa kwa sehemu: MN ni Bara Kaskazini, MS ni Bara Kusini, ikifuatwa na namba ya sehemu kwa Kirumi, kwa mfano II/MN. Kisiwani utakuta "Mombasa Block" na namba yake. Ukitaja "kiwanja cha karibu na msikiti" hakuna karani atakayekusaidia. Mtafuteni saveya aliyesajiliwa, achukue vipimo vya pembe za kijiji, azilinganishe na ramani ya upimaji, awape namba zote ambazo kijiji kimekalia. Mara nyingi ni viwanja vinne au vitano vya wenye tofauti, na upande mmoja wa uchochoro una hatari ambayo upande wa pili hauna.

Matokeo ya upekuzi huonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa, na kama kuna rehani au zuio. Soma sehemu ya rehani kwa makini: ikiwa benki ina dai, mnada waweza kuja bila mwenye ardhi kupenda. Upekuzi pia huonyesha hali ya siku ile tu. Rudieni kabla ya kutia sahihi yoyote.

Kwa nini Pwani ina maskwota wengi kuliko sehemu nyingi za Kenya?

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi za Pwani. Kila aliyedai ardhi katika mwambao alitakiwa kupeleka dai lake lisajiliwe, na isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Waliojua maandishi na mahakama walisajili. Wamijikenda wengi, waliokuwa wakimiliki kwa mila, walibaki nje ya daftari. Baada ya uhuru daftari liliendelea lilivyo, na wamiliki wengine wanaishi mbali hata hawajawahi kuikanyaga ardhi yenyewe. Juu ya hapo bandari na reli zilileta vibarua kutoka kila pembe bila kuwajengea nyumba za kutosha. Ndiyo maana kijiji cha Mombasa huchanganya mtu ambaye babu yake alizaliwa palepale na mtu aliyeshuka kwenye basi mwaka jana, na mradi usiotofautisha madai yao huzua ugomvi siku ya kwanza.

"Nyumba bila ardhi" ina nguvu gani kisheria?

Ni utaratibu wa kale wa mji huu. Mwenye ardhi anakuruhusu kujenga, nyumba ni yako, na unamlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Mtaa wa Majengo na mitaa mingine mingi ya kisiwani ilijengwa hivyo: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, baraza mbele, ukumbi katikati, uani nyuma kuna jiko na choo. Nyumba hiyo hurithiwa, hupangishwa na huuzwa.

Udhaifu wake ni kwamba unakaa kwa ruhusa, na ruhusa huondolewa. Benki nyingi hazikubali nyumba hiyo kuwa dhamana. Mwenye ardhi anaweza kukuzuia kuongeza ghorofa, na akiuza ardhi, mnunuzi mpya si lazima apende makubaliano ya zamani. Linda vitu vitatu. Kwanza, kitabu au stakabadhi za kodi ya ardhi, zote, tangu ya kwanza uliyo nayo. Pili, barua ya ruhusa ya kujenga inayosema umejenga nini, maana ukijenga zaidi ya ulichoruhusiwa unampa mwenye ardhi sababu. Tatu, ukinunua nyumba bila ardhi, fanya mkataba mbele ya wakili, na mwenye ardhi atie sahihi kwamba anakutambua. Wengi huruka hatua hii ya mwisho kuokoa ada, kisha mwenye ardhi hukataa kupokea kodi kutoka kwao, na mwezi wa pili wanaitwa wavamizi.

Mwenye ardhi akikataa kodi, usikae nayo mfukoni ukafurahi. Itume kwa njia inayoacha alama, kama hundi, M-Pesa au barua ya wakili, ili asije akadai kortini kwamba hukulipa.

Nimekaa zaidi ya miaka 12. Ardhi si imekuwa yangu?

Huenda. Sheria ya ukomo wa madai, Sura ya 22, inampa aliyekalia ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12 haki ya kuomba mahakama imsajili kuwa mwenyewe. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Mtana Lewa iliyoamuliwa Malindi, ilisema sheria hiyo haipingani na Katiba ya 2010. Ila masharti yake ni makali:

Ukaaji uwe wa wazi, mfululizo, bila nguvu na bila ruhusa ya mwenyewe. Hili la ruhusa ndilo huangusha watu wa Mombasa. Stakabadhi zilezile zinazomlinda mwenye nyumba bila ardhi humwua huyu anayedai miaka 12, kwa kuwa aliyelipa kodi alikaa kwa idhini. Chagueni dai moja kabla ya kwenda kortini. Kushika yote mawili hufanya hakimu asiamini lolote.

Dai hili halifanyi kazi kwa ardhi ya serikali hata ukikaa miaka 50. Na lazima ujue sehemu hasa uliyokalia: mahakama haitoi "kijiji", hutoa eneo lililopimwa. Maombi hupelekwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi pamoja na nakala iliyothibitishwa ya hati ya mwenye ardhi. Kesi zinazoletwa bila nakala hiyo hutupwa mapema.

Kwa ardhi ya umma kuna njia nyingine, nyembamba zaidi. Januari 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mitu-Bell ya wakazi waliobomolewa karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, ilisema watu waliokaa muda mrefu kwenye ardhi ya umma, wakajenga makao na kulea familia, wanaweza kupata haki ya makazi inayolindwa. Haki hiyo haiwi umiliki. Inailazimisha serikali kutowatupa watu nje ovyo.

Tumepata notisi ya kuhama. Tufanye nini, na kwa mpango gani?

Pigeni picha notisi, andikeni tarehe na nani aliileta, kisha isomeni kwa kuilinganisha na Sheria ya Ardhi kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, vifungu 152A hadi 152I. Muda wa chini ni miezi mitatu.

Kwa ardhi ya mtu binafsi, notisi iwe ya maandishi, kwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kwa kundi kubwa, ichapishwe katika magazeti mawili ya kila siku yanayosomwa nchi nzima na ibandikwe mahali pasipopungua patano ndani ya ardhi yenyewe. Ieleze masharti ya kuondoa majengo na kuvuna mazao, na nakala zipelekwe kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa eneo. Kwa ardhi ya umma, Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo hutoa: Gazeti Rasmi la Serikali, gazeti moja la kitaifa na tangazo la redio. Karatasi iliyogongwa mhuri wa chifu ikisema "siku saba" si notisi.

Wiki ya kwanza ni ya kukusanya ushahidi. Kila nyumba ipewe namba ya rangi mlangoni, ipigwe picha ikiwa na namba hiyo, na iandikwe: mwenyewe, wapangaji, vyumba, vifaa vya ujenzi, mwaka wa kujengwa. Kila kaya ilete chochote chenye jina na mahali: bili za umeme na maji, kadi za kliniki za watoto, barua za shule. Wekeni nakala nje ya kijiji. Karatasi hupotea siku ya bomoabomoa, wakati ndipo zinapohitajika zaidi.

Kisha wakili. Kifungu cha 152F kinamruhusu yeyote aliyepewa notisi kuomba mahakama iifute, iibadilishe, iisitishe au iamuru fidia. Kesi ya watu wengi hufunguliwa na wawakilishi wachache kwa niaba ya wengine, nao wahitaji orodha yenye majina, namba za vitambulisho na sahihi za waliowaidhinisha. Orodha yenye majina ya watu wasiokaa pale huharibu kesi nzima. Upande wa pili huitafuta hiyo kwanza. Kwa wasio na uwezo, Kituo cha Sheria na Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria hushughulikia kesi za namna hii.

Msingoje mwezi wa tatu. Mkipata amri ya kusitisha, haitoshi kuwa nayo kwenye simu. Nakala yenye mhuri ipelekwe siku hiyohiyo kwa mkuu wa polisi wa eneo, kwa naibu kamishna na kwa mwenye ardhi, na aliyeipeleka aape kiapo kwamba ameipeleka. Amri ambayo polisi "hawajaiona" haizuii tingatinga.

Tingatinga limekuja alfajiri bila notisi. Tuna haki gani pale pale?

Kifungu cha 152G kinataka wanaobomoa wajitambulishe, waonyeshe idhini rasmi, na maafisa wa serikali wawepo kundi likiwa kubwa. Nguvu isizidi mahitaji, watoto, wazee na walemavu walindwe, na mali iliyoachwa bila hiari ihifadhiwe. Wakazi wapewe nafasi ya kwanza kubomoa wenyewe na kuokoa vitu vyao. Hiyo ya mwisho ina thamani ya pesa taslimu: mabati, milango, boriti na mawe yakitolewa kwa mkono hujenga tena, yakisagwa na tingatinga ni taka.

Teueni watu wawili wa kuzungumza na wawili wa kurekodi video zinazoonyesha namba za magari na nyuso za wasimamizi. Wengine watoe watoto, dawa na karatasi. Kurusha mawe huwapa waliokosea sheria sababu ya kuitwa waliovamiwa.

"Kuboresha kijiji" maana yake nini hasa? Tutajengewa nyumba?

Kwa kawaida hapana. Mradi wa KISIP, yaani mradi wa serikali wa kuboresha makazi yasiyo rasmi, ulioanza mwaka 2011 kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine na kuingia awamu ya pili baada ya 2020, haujengi nyumba. Hupima ardhi, hutoa hati, kisha huweka barabara, mifereji ya maji ya mvua, maji, mabomba ya maji taka na taa za mulika mwizi. Nyumba unajenga mwenyewe, taratibu. Si jambo jipya hapa: Chaani iliboreshwa na Mikindani kukagawiwa viwanja vyenye huduma katika miaka ya 1970 na 1980.

Kwa maoni yetu njia hii inashinda kubomoa na kujenga upya, kwa sababu haimtoi mtu karibu na kibarua chake. Lakini ni ya polepole na hukwama mahali panapojulikana. Mlolongo ni huu:

1. Kijiji kuchaguliwa. Ardhi iwe ya umma na isiwe na kesi. Kesi moja tu ya mtu mmoja kortini huweza kukitoa kijiji kwenye orodha.
2. Kuhesabiwa. Kila nyumba na kila kaya. Tarehe ya kufunga hesabu hutangazwa. Atakayejenga baada yake halipwi.
3. Ramani ya hali ilivyo, kisha mpango wa matumizi ya ardhi. Hapa ndipo mnapobishana kuhusu upana wa njia, si baadaye.
4. Mpango kuwekwa wazi kwa wakazi, pingamizi kusikilizwa, kaunti kuuidhinisha.
5. Saveya kuweka bikoni (alama za mipaka), ramani ya usajili kutolewa, orodha ya wanufaika kuhakikiwa mara ya mwisho.
6. Hati. Ujenzi wa miundombinu unaweza kutangulia au kufuata.

Hatua ya tano huchukua muda usiotarajiwa kwa sababu ya vitu vidogo: jina kwenye kitambulisho halilingani na la kwenye orodha, mwenye nyumba amefariki na warithi hawajafungua mirathi, bikoni zimeng'olewa kuuzwa chuma. Kila kaya irekebishe majina kabla ya hatua ya pili. Familia yenye mirathi isiyofunguliwa ianze sasa.

Kwa nini mradi wa kuboresha ubomoe nyumba zetu tena?

Kwa sababu ya njia. Chukueni kamba ya mita 6, mtembee nayo katika uchochoro mkuu wa kijiji chenu. Mtaona baraza, vibanda na pembe za nyumba ngapi zimeingia ndani ya kamba. Kisha fanyeni hivyohivyo kwa kamba ya mita 9, ambayo wataalamu wa mipango miji huitaka mara nyingi. Tofauti ya mita 3 kwa uchochoro wa mita 200 ni mita za mraba 600, yaani vyumba zaidi ya 60 vya futi 10 kwa 10.

Basi jadilianeni kwa kamba, si kwa maneno. Gari la zima moto na gari la kunyonya choo yahitaji barabara moja au mbili pana za kupenya kijiji. Vichochoro vingine vyaweza kubaki vya miguu na mkokoteni, mita 2 au 3, mradi visiwe na kona kali wala visifungwe mwisho. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 huruhusu kaunti kutangaza eneo maalumu la mipango, ambapo vipimo vya kawaida vinaweza kufikiriwa upya. Mukuru kule Nairobi ilitangazwa eneo la namna hiyo mwaka 2017. Ombeni hilo kwa maandishi.

Fidia: miradi ya Benki ya Dunia hulipa jengo kwa bei ya kulijenga upya, bila kupunguza uchakavu, hata kama huna hati, almradi ulihesabiwa. Ardhi ikitwaliwa kwa lazima na serikali, Ibara ya 40(5) ya Katiba inaruhusu kuwalipa waliokaa kwa nia njema bila hati. Hakikisheni fomu ya tathmini imeandika choo, tangi, sakafu ya simiti, mnazi na kibanda cha biashara, kila kimoja peke yake. Kisichoandikwa hakilipwi.

Mimi ni mpangaji. Hati wanapewa wenye nyumba. Mimi napata nini?

Mara nyingi, kodi kupanda. Njia ikiwekwa sakafu na maji yakiingia, chumba kilekile huongezwa bei, na hili halisemwi vya kutosha katika mikutano. Hatua ya kuhesabu ndiyo nafasi yako: hakikisha umeandikwa kama kaya, si kama "chumba". Mpangaji aliyehesabiwa hupewa gharama za kuhama na muda chumba chake kikiangukia kwenye barabara. Asiyehesabiwa hupewa pole. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, hukulinda dhidi ya kufukuzwa bila amri ya baraza lake, lakini kwa nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi tu. Vyumba vingi vimeshapita hapo.

Ardhi ni ya mtu binafsi. Serikali inaweza kutununulia?

Inaweza, kupitia mfuko wa makazi, na mfano wa karibu ni shamba la Waitiki, Likoni, ekari 930. Serikali ilikubaliana na mwenyewe, na hati zikaanza kutolewa Januari 2016. Kilichowashtua wengi ni kwamba hazikuwa za bure: kila mwenye kiwanja alitakiwa kulipa Sh182,000 kidogo kidogo, na malalamiko hayakukawia. Kabla ya kushangilia ununuzi wowote, ulizeni kwa maandishi: bei kwa kila kiwanja, muda wa kulipa, riba, na asiyeweza kulipa atafanywaje.

Nikishapata hati, niuze?

Ni yako. Fahamu tu kwamba wanunuzi huja wiki zilezile hati zinapotoka, na bei yao ya kwanza ni ya mtu mwenye shida ya ada ya shule. Kwa ardhi ya ndoa, mwenzi lazima aridhie.

Njia ya kuzuia kijiji kizima kumezwa ni kushika ardhi kwa pamoja. Kijiji cha Tanzania-Bondeni, mjini Voi, kilifanya hivyo katika miaka ya 1990: ardhi ni ya amana ya jamii, mtu humiliki na huuza nyumba tu. Kasoro ni makaratasi mengi, uongozi unaohitaji kuaminiwa kwa miongo, na benki kusita kukopesha. Kamati ambayo haijaweza kusoma hesabu ya mifereji miwili ya maji mbele ya watu isijaribu hili bado.

Maji ya kisima yetu ni safi kwa macho. Kuna shida gani?

Mombasa haina chemchemi yake ya kutosha. Maji ya mfereji hutoka mbali, Mzima, Marere, Tiwi na Baricho, na mgao hukatika. Hivyo watu hurudi kisimani. Ardhi ya huku ni mwamba wa matumbawe wenye nyufa. Kanuni ya kuweka choo mita 30 kutoka kisimani hutegemea udongo unaochuja, na ufa wa mwamba hauchuji kitu: maji ya choo hufika kisimani yakiwa vilevile. Chukulieni kila kisima cha kijijini kuwa kimechafuka. Kitumike kufua na kuosha. Ya kunywa yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa kwa jerikeni ya lita 20, yatikiswe, yaachwe dakika 30. Kama yana mawingu, yachujwe kwa leso safi kwanza, sivyo dawa huishia kwenye uchafu. Dawa haitoi chumvi.

Kioski cha maji cha kijiji hufa kwa sababu ya bili, si bomba. Meta iwe ya kikundi chenye akaunti, na muuzaji aandike meta inavyosoma asubuhi na jioni kila siku. Tofauti kati ya meta na mauzo ikizidi kiasi, kuna uvujaji au kuna mkono.

Choo chetu hujaa haraka. Tuchimbe cha ukubwa gani?

Shimo hujaa kwa lita 40 hadi 60 kwa mtu kwa mwaka. Nyumba ya vyumba sita yenye watu 20 hujaza takriban mita moja ya ujazo kila mwaka. Shimo la mita 1.2 kwa 1.2, kina mita 3, lina mita za ujazo 4.3, toa nusu mita ya juu ambayo haijazwi, inabaki 3.6, yaani miaka mitatu na nusu. Kikijaa kwa mwaka mmoja, tatizo ni taka: nepi, pedi, nguo na chupa. Ndizo pia huziba mpira wa gari la kunyonya. Ndoo yenye kifuniko mlangoni mwa choo huongeza uhai wa shimo kuliko kuchimba zaidi.

Karibu na bahari, chimbeni mwishoni mwa masika maji ya chini yakiwa juu kabisa, ili mjue kina halisi. Sakafu ya shimo ibaki mita moja na nusu au zaidi juu ya maji hayo. Isipowezekana, inueni choo juu ya ardhi kwa ngazi na shimo lililojengwa kwa mawe. Kwenye mchanga jengeni kuta za shimo, sivyo litaporomoka mvua ya Mei.

Slabu: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, unene sentimita 8, nondo za milimita 8 kila sentimita 15 pande zote mbili, imwagiwe maji siku saba ikiwa imefunikwa. Msitumie mchanga wa ufuoni wala maji ya kisima cha chumvi. Chumvi hula nondo kwa ndani, slabu huonekana nzima juu, kisha hukatika mtu akiwa amesimama. Ukiona mistari ya kutu ya rangi ya kahawia chini ya slabu, funga choo siku hiyo.

Wekeni choo mahali mpira wa gari utafika. Mita 30 kutoka barabarani ni salama. Zaidi ya hapo mtarudi kwa watu wa ndoo wanaomwaga usiku kwenye mkono wa bahari, na uchafu huo hurudi kwenu maji yakijaa.

Nyumba za bei nafuu zinazojengwa mjini, si ndizo suluhisho?

Kwa baadhi. Buxton ilibomolewa mwaka 2021 ikajengwa upya, lakini ilikuwa mtaa wa nyumba za kaunti wenye wapangaji wanaojulikana. Kijiji si hivyo. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, inayokata asilimia 1.5 ya mshahara, imeweka daraja la nyumba za kijamii kwa wanaopata chini ya Sh20,000 kwa mwezi. Ulizeni mradi wa karibu una nyumba ngapi za daraja hilo hasa, maana jina "bei nafuu" hufunika madaraja yote.

Kisha pigeni hesabu ya baraza. Mama anayekaanga mahamri na viazi karai mbele ya nyumba ya chini hana pa kuweka jiko la makaa ghorofa ya nne. Hamali hana pa kuegesha mkokoteni. Wengi wao hupangisha nyumba mpya kwa mwenye mshahara na kurudi kijijini. Mkijadili kuhamishwa, daini ghorofa ya chini iwe ya vibanda, na kwamba wenye biashara waliohesabiwa wapewe kwanza.

Dalali anauza viwanja kijijini akisema mradi unakuja. Tununue?

Hapana. Tarehe ya kufunga hesabu ikipita, ulichonunua hakitambuliwi. Kabla haijapita, kamati nzuri huandika daftari la nyumba zote na kulisoma hadharani, kisha kila nyongeza hupingwa mbele ya watu. Dalali akija na barua ya "mgao" kutoka ofisi yoyote, chukueni namba ya kumbukumbu iliyo juu ya barua, muipeleke katika ofisi hiyo, mtake jibu la maandishi. Barua ya bandia huanguka hapo. Pesa isitoke mkononi kabla ya jibu hilo.